Bagamoyo, Pangani au Kilwa: msafara wa pembe ungeupitisha njia ipi?

Tuseme ni miaka ya 1870, uko Unguja, tajiri wa Kihindi kashakukopesha majora ya vitambaa vya merikani na kaniki, mafuko ya shanga na baruti kidogo, na unatakiwa urudi na pembe za ndovu za kulipa deni lake na wewe ubaki na chochote. Unavuka maji uende Mrima, yaani pwani ya bara. Sasa unaanzia wapi? Bandari ndogondogo ziko nyingi ila njia kubwa za kwenda bara ni tatu: ya kati, inayotoka Bagamoyo (wengine hutokea Saadani) mpaka Tabora na Ujiji, ya kaskazini inayotoka Pangani, Tanga au Mombasa kupitia Kilimanjaro na Umasaini mpaka Baringo na Kwa Mumia (Mumias ya leo), na ya kusini inayotoka Kilwa Kivinje mpaka ziwa Nyasa.

Mtu wa leo akifungua ramani anaangalia ipi fupi. Wale jamaa hawakuangalia hivo hata kidogo, na ndo maana njia iliyokuwa na watu wengi kuliko zote, hii ya kati, ilikuwa na zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Ujiji. Mi naona kilichoamua njia ni chakula na mabega ya watu, basi, vingine vyote vinafuata nyuma.

Vigezo kwanza, kabla hatujaanza kubishana

Posho. Hii watu wanaisahau sana. Mpagazi alikuwa anabeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na posho yake ni kibaba cha nafaka kwa siku, tuseme robo tatu ya kilo. Piga hesabu. Msafara wa watu 300 unakula kilo 225 kwa siku, hiyo ni mizigo saba inayopotea tumboni kila siku inayokwenda kwa Mungu, ukitaka kubeba chakula cha siku kumi unahitaji watu 70 zaidi wa kubeba chakula tu, na hao 70 nao wanakula! Kwa hiyo hubebi chakula, unanunua njiani, na njia nzuri maana yake ni mlolongo wa vijiji vinavyolima zaidi ya wanachokula na vinavyokubali kupokea kitambaa chako.

Maji. Hapa usiulize tu kama yapo, uliza pia ya nani. Kisima kikiwa na mwenyewe unalipia.

Wapagazi. Kwa nini watu na sio punda au ngamia? Mbung'o. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa pori la mbung'o, mnyama wa mzigo anakwenda wiki chache anakonda anakufa, Stanley, yule mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, mwaka 1871 alitoka Bagamoyo na punda kibao na farasi juu, muulize walifika wangapi. Kwa hiyo lazima ujue wabebaji unawapata wapi na wanataka kwenda upande gani.

Hongo na usalama. Hongo hapa ni ushuru halali wa kupita kwenye nchi ya mtu, analipwa mtemi au wazee, na ukilipa vizuri unapewa maji, soko na amani. Sio kitu cha kuona aibu. Tatizo ni idadi ya wanaodai, na kama kuna vita.

Mwisho kabisa, unarudi na nini. Pembe za aina gani, bei gani kule bara, na wenyeji wanataka bidhaa gani. Shanga zilikuwa na fasheni, zile nyekundu za samesame zinatamba sehemu moja, ukizipeleka kwingine hakuna anayezigusa, na hapo umeshazibeba miezi minne.

Njia ya kati: Bagamoyo, Tabora, Ujiji

Posho na maji. Kwa ujumla ndo njia inayolisha vizuri kuliko zote, ila ina mashimo, na mashimo yake yana majina ambayo kila mpagazi aliyajua. Ukitoka pwani unavuka Kingani, unapita Uzaramo na Ukutu, unapanda milima ya Usagara, unashuka Mpwapwa. Hapo Mpwapwa unapumzika na unajaza chakula kwa sababu mbele kuna Marenga Mkali, nyika kavu isiyo na maji ya kunywa mpaka uingie Ugogo. Kuvuka hapo watu walipiga terekeza, yaani hamtoki alfajiri kama kawaida, mnatoka mchana mmeshakunywa na kupika, mnakwenda mpaka usiku, mnalala bila maji na alfajiri mnaondoka tena mpaka muyakute. Baada ya Ugogo kuna Mgunda Mkali, pori refu la miiba, ambalo zamani lilikuwa linatisha kwelikweli lakini miaka ilivokwenda Wakimbu walifyeka sehemu wakaweka vijiji, ukapata pa kununua mtama katikati. Ukifika Tura umeshaingia Unyamwezi, hapo chakula si tatizo tena.

Kama ni masika lakini, achana nayo. Bonde la Makata linageuka ziwa, Stanley alipita pale kwenye mvua za 1871 na msafara wake ukaogelea kwenye matope na maradhi yakawaandama.

Wapagazi. Hapa njia ya kati inazipiga bao zingine zote, sifichi. Wanyamwezi walikuwa wanashuka wenyewe pwani kila kiangazi, wengine na pembe zao wenyewe za kuuza, wengine kutafuta kazi ya kubeba, na walikuwa wanataka kurudi kwao. Yaani Bagamoyo unakuta watu maelfu wanaotafuta mzigo wa kwenda upande uleule unaokwenda wewe, unataka nini tena. Wengi tuliambiwa shuleni kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa waliofungwa minyororo, kwa njia hii picha hiyo inapotosha, kazi kubwa ya kubeba ilifanywa na wapagazi wa kulipwa, wanaojadiliana bei, wanaogoma, na wanaotoroka na mzigo wako ukiwazingua. Wake zao wengine walifuatana nao, wanapika na wao wanabeba. Ila wana kalenda yao: mvua za kupandia zikikaribia, mwezi wa 11 hivi, kila mtu anataka awe kwake analima, ukichelewa pwani unakuta hakuna mabega au bei imepaa.

Hongo na usalama. Ugogo ndo kichwa cha habari. Kila eneo lina mtemi wake na kila mtemi ana haki ya hongo, unakaa kambini siku nzima au mbili mnavutana doti ngapi, anakataa rangi ya kitambaa, unaongeza, ngoma inalia hongo imekwisha mnaruhusiwa kwenda, kesho mnaanza tena kwa jirani yake. Wasafiri wa Kizungu waliandika wakilalamika sana kuhusu Wagogo, lakini we fikiria, nchi kavu ile, visima vyao, mifugo yao inakunywa hapohapo, anakuja mtu na watu 500 kwa siku tatu! Mi ningetoza zaidi. Na faida yake ni kwamba ukishalipa, huibiwi.

Hatari ya kweli iko mbele ya Tabora. Kuanzia 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa, Stanley ilibidi azunguke mbali kusini ndo akafika Ujiji mwezi wa 11 kumkuta Livingstone, yule mmisionari wa Kiskoti. Halafu Malagarasi unavushwa na mitumbwi ya Wavinza, na wao wanajua kabisa huna pa kwenda.

Unarudi na nini, na kwa muda gani. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakaingia Kaze, yaani hapo Tabora, tarehe 7 Novemba, siku 134, wakiugua njia nzima. Stanley alitumia kama miezi mitatu. Ila uzuri wa Tabora ni kwamba sio mwisho, ni njia panda. Kaskazini unakwenda Karagwe mpaka Buganda, magharibi Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika, yaani Manyema, kusini magharibi Itawa mpaka Katanga. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, alijitajirisha kwa huko kusini, mwaka 1867 alimpiga Nsama wa Itawa akazoa hazina ya pembe, na mikopo yake ilitoka kwa Taria Topan wa Unguja. Angalia lakini, hiyo ilikuwa vita, tusiipambe ikaonekana biashara ya duka.

Inamfaa nani: mwenye mtaji wa kawaida, mgeni wa safari, anayetaka kulala kwenye kambi zinazojulikana na kukuta watu wa pwani Tabora wa kumuazima kitu akikwama. Inamkera: mwenye haraka, na mwenye vitambaa vya kuhesabu.

Njia ya kaskazini: Pangani au Mombasa, Umasaini, Kwa Mumia

Posho na maji. Mwanzo wake kutokea Pangani ni raha, unafuata bonde la mto, Usambara kulia kwako, Upare, mpaka Taveta ambako kuna msitu, maji, ndizi na usalama, misafara ilikuwa inakaa pale wiki nzima na zaidi inajiandaa. Kutokea Mombasa ni hadithi nyingine, unakutana mapema na nyika ya Taru, unategemea maji ya mvua yaliyotuama kwenye ngurunga, mashimo ya mawe, ukikuta yamekauka au msafara uliotangulia umeyamaliza basi mwendo ni uleule wa kukimbilia Maungu na Taita.

Baada ya Taveta ndo unaingia kwenye shida yenyewe: Wamasai hawalimi. Unaweza kununua ng'ombe, sawa, lakini nafaka hakuna siku nyingi mfululizo. Kwa hiyo njia hii ni kuruka kutoka kisiwa cha wakulima mpaka kisiwa kingine, Taveta au Arusha Chini, halafu pembeni mwa msitu wa Wakikuyu kule Ngong ambako wanawake wa Kikuyu wanakuja kuuza chakula huku kila upande umeshika silaha, halafu Njemps kule Baringo ambako wenyeji walikuwa wanamwagilia mashamba kwa mifereji, halafu Kwa Mumia. Hapo katikati unabeba au unakula nyama. Afadhali kidogo nyanda za juu mbung'o ni wachache kwa hiyo punda wanaishi.

Wapagazi. Hakuna Wanyamwezi wanaoshuka kila mwaka. Unaajiri watu wa Mrima na Mombasa, wanataka malipo ya maana kwa sababu wanajua wanakokwenda. Wakamba walikuwa na misafara yao wenyewe toka zamani, miaka ya 1840 Kivui wa Mwendwa alikuwa mtu mkubwa kwenye biashara hiyo ya kuleta pembe Mombasa, lakini Mkamba anabeba mali yake, hakusubiri wewe umuajiri.

Hongo na usalama. Wamasai wanataka hongo, na wanaitaka kwa seng'enge na shanga, na wanaokuja kuichukua ni morani kundi baada ya kundi. Hapa huendi na watu 40. Misafara ilikuwa inasubiriana Taveta mpaka watu waungane mia kadhaa na bunduki zao, kila jioni mnajenga boma la miiba kabla ya kufikiria kula. Mwaka 1883 Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti, aliingia Umasaini na msafara wake peke yake, mbele yake Fischer, yule Mjerumani, alikuwa ameshapigana na Wamasai, hali ya hewa imechafuka, Thomson akarudi mbio Taveta, akaenda mpaka Mombasa kuongeza bidhaa, na aliporudi akajiunga na msafara mkubwa wa Jumbe Kimameta wa Pangani. Huyo Kimameta ndo aina ya mtu unayemtaka, anajua wazee gani wa kuongea nao na lini. Miaka minne baadaye Teleki, mpelelezi wa Kihungaria, naye alimtafuta huyohuyo.

Unarudi na nini. Pembe, na kwa miaka mingi kule ndani zilikuwa za bei rahisi kuliko Tabora kwa sababu waliofika walikuwa wachache. Wachaga nao walikuwa na soko lao, Rindi wa Moshi, yule watu wa pwani wanamwita Mandara, alipenda wageni na alipenda zaidi zawadi za wageni. Ila ni dau kubwa, njaa au ugomvi mmoja unamaliza faida yote.

Inamfaa nani: mwenye mtaji mnene, bunduki za kutosha, kiongozi mzoefu na mkopeshaji mwenye subira. Mkamba au mtu wa Pangani aliyekulia hapo ana nafuu ambayo wewe wa Unguja hununui.

Njia ya kusini: Kilwa Kivinje, ziwa Nyasa

Hii ndo fupi kuliko zote kufika ziwani, na ya zamani, Wayao walikuwa wanaleta pembe na tumbaku Kilwa kabla hata misafara ya watu wa pwani haijaanza kupanda kwa wingi.

Posho na maji. Nchi yenyewe ina mvua na mito, zamani ililimwa vizuri, kwa ardhi peke yake ningeipa nafasi ya kwanza. Tatizo ni watu kuisha. Livingstone alipopanda kutokea Mikindani mwaka 1866 akifuata Ruvuma alipita vijiji vilivyobaki mahame na aliona maiti za watu waliofungwa na kuachwa njiani, mpaka alipofika kwa Mataka, mkubwa wa Kiyao, ndo akakuta mji wenye chakula cha kutosha. Hakuna anayelima, hakuna posho.

Wapagazi. Wayao wenyewe, waliobobea, wana misafara yao na viongozi wao. Ukielewana na mkubwa mmoja wa Kiyao umepata njia, chakula na wabebaji kwa mkupuo, usipoelewana naye umekosa vyote.

Hongo na usalama. Madai njiani ni machache kuliko Ugogo kwa sababu unashughulika na wakubwa wachache, lakini kuanzia miaka ya 1860 Wangoni walikuwa wanashambulia, na hao hukai nao kujadili doti ngapi. Ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, kulikuwa na Jumbe, mtu wa pwani aliyejiwekea utawala wake, unavuka kwa jahazi unafikia kwake na unapata pembe zinazoletwa na Wabisa na wengine wa magharibi.

Unarudi na nini. Tusizungushe maneno, Kilwa ilikuwa bandari kubwa ya kuuzia watu. Pembe zilikuwepo ndio, lakini waliofikishwa pale kwa wingi ni binadamu waliotekwa, kwenda mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na kwingine. Mwaka 1873 Sultani Barghash alisaini kufunga soko la watumwa na kuzuia kuwasafirisha baharini, wafanyabiashara wakaanza kuwatembeza kwa miguu kutoka Kilwa kufuata pwani kwenda kaskazini, mwaka 1876 akapiga marufuku na misafara ya nchi kavu. Baada ya hapo mpira wa porini, utomvu wa mimea, ndo uliingia kama bidhaa ya huko. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba njia ya Kilwa ilikuwa na faida haraka, jua faida hiyo ilitoka wapi.

Inamfaa nani: kwa pembe, mwenye undugu au ushirika wa kweli na Wayao, au anayetaka safari fupi ya msimu mmoja tu. Kwa mpira, mtu wa mwishoni mwa miaka ya 1870 na kuendelea.

Sasa we uko upande gani

Kama ni safari yako ya kwanza na mali ni ya mkopo, nenda Bagamoyo, usiunde msafara wako, jiunge na wa mtu mwenye kirongozi anayeijua njia, na toka pwani masika yakiisha ili wapagazi wako wafike kwao kabla ya kulima. Gawa vitambaa vya hongo ya Ugogo pembeni kabisa, usivihesabu kwenye mtaji.

Kama umeshafika Tabora na njia ya Ujiji imefungwa kwa vita, una mawili, kusubiri (gharama ya kulisha watu wanaokaa bure ni kubwa, usijidanganye) au kuzunguka kusini kama Stanley. Wengine waliuza walichonacho hapohapo Tabora wakarudi, na sio vibaya.

Kama wewe ni Mnyamwezi na pembe ni zako, habari hizi zote za mkopo hazikuhusu, swali lako ni kalenda tu na kutopunjwa Bagamoyo.

Kama una jina Pangani, bunduki na muda wa kungoja wenzako Taveta, panda kaskazini. Ila angalia mwaka: sotoka ilipoingia kati ya 1890 na 1891 ng'ombe wa Wamasai walikufa kwa wingi na njaa ikafuata, msafara unaotegemea kununua ng'ombe njiani hapo hauna njia.

Kama una mkubwa wa Kiyao anayekujua kwa jina na unataka pembe tu, Kilwa ina maana. Bila yeye usijaribu.

Na kama unakwenda Buganda, ramani itakwambia upite mashariki kutokea Umasaini, ni karibu zaidi ukilinganisha na kuzunguka Tabora na Karagwe. Askofu Hannington aliifuata hiyo mwaka 1885, akafika mpaka Busoga salama, lakini Kabaka Mwanga aliogopa wageni wanaoingia kwa mlango wa mashariki, na kwa amri yake Hannington aliuawa mwezi wa 10 mwaka huohuo. Zunguka Karagwe. Ukishindwa kabisa subiri mpaka 1901, reli kutoka Mombasa itakuwa imefika ziwani Kisumu. Ya Tabora itakuja 1912, Kigoma 1914, na ya Kilwa usiisubiri.